Nilisema mdogo wangu ana mimba, kumbe ni sukari niliyomlisha mwenyewe

Wakuu, salaam kwenu nyote, walio kazini na waliojilaza.

Ninachoandika kilitokea nyumbani kwangu, Kilwa Masoko. Sijakiongezea kitu. Kuna sehemu naonekana mtu mbaya, nimeziacha zilivyo. Mhusika nimemuomba ruhusa kabla ya kuandika, akanijibu, "Andika, ila jina langu libaki mfukoni mwako." Kwa hiyo humu nitamwita Rehema.

Halafu mimi ni mwanamke. Nasema mapema, maana kwenye uzi wangu wa majiko ya mkaa mliniita kaka, mkuu, mzee, mpaka mmoja akaja PM kuniomba ushauri wa kuongeza mke wa pili.

Sasa nisikilizeni.

Baba alitangulia, mama akafuata kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa darasa la sita. Nyuma yangu kuna mdogo wetu wa kiume, ambaye sasa yuko Dar, na wa mwisho ni Rehema. Wakati huo Rehema alikuwa anajifunza kutembea.

Tulichukuliwa na ndugu wa upande wa mama. Sitamsema vibaya, alitupa paa na ugali. Ila asubuhi wakati wa chai kopo la sukari lilizunguka kwa watoto wa nyumba ile, likifika kwetu linafunikwa. Tunaambiwa sukari imeisha, huku tunasikia vijiko vya wenzetu vikikoroga.

Ni jambo dogo. Nimeshindwa kulisahau.

Darasa la saba sikumaliza. Nilianza kukaanga maandazi ya kuuza, nikapanga chumba, nikawachukua wadogo zangu wote wawili. Siku ya kwanza kwenye chumba chetu nilijiapiza kwamba chini ya paa langu hakuna mtoto atakayekunywa chai isiyo na sukari. Wanaonifahamu wanajua nikishasema sigeuki. Nilishindwa mengi kwenye maisha ya wale watoto, lakini hilo nililitimiza kila siku kwa zaidi ya miaka kumi.

Kazi yangu mpaka leo ni vitafunwa. Maandazi, kashata za nazi, na hasa visheti. Kwa msiovijua, visheti unakaanga vipande vya unga, kisha unavigeuza ndani ya shira, yaani sukari iliyochemshwa na maji kidogo mpaka ikawa nzito, hadi vikauke na kuwa vyeupe kwa nje.

Visheti vilivyovunjika haviuziki. Hivyo vilikuwa vya Rehema. Shira iliyoganda chini ya sufuria ilikuwa ya Rehema. Chai yake vijiko vinne, na si vijiko vya kufuta kwa kidole, ni vya kilima. Akitoka shule anakuta soda ya baridi. Akifaulu mtihani, soda mbili.

Mtoto akanawiri. Mashavu, mikono, kila kitu. Wateja wangu wakimuona wanasema, "Huyu ndiye yatima? Dada, wewe umelea!" Mama mmoja wa sokoni alikuwa anamfinya shavu na kuniambia, "Nikifa mimi wanangu walete kwako."

Mimi kichwa kinakua. Niliona unene wake kama cheti changu, mimi ambaye sina cheti hata kimoja.

Alipofika kidato cha pili nikaona shingo yake imekuwa nyeusi kwa nyuma. Weusi wa mistari mistari, kama mtu hajaoga wiki. Makwapani vilevile.

Nikamwambia, "Mtoto wa kike mkubwa hivi hujui kusugua shingo?"

"Naoga, dada."

"Unaoga au unajimwagia maji?"

Nikachukua dodoki na kipande cha limao nikamsugua mwenyewe uani. Weusi haukutoka, ngozi ndiyo ilichubuka. Siku ya pili nikarudia. Akawa anajifunga mtandio shingoni hata ndani ya nyumba, jua la Masoko mnalijua, na mimi nikasema anaanza maringo.

Nisimame hapo kidogo. Wewe mwenye binti au mdogo wako mwenye shingo ya namna hiyo, acha dodoki. Soma mpaka mwisho.

Mambo mengine yalikuja taratibu, ndiyo maana sikuyaunganisha. Anakula sahani ya wali imejaa, saa moja haijapita anafunua vyungu. Mchana anasinzia juu ya daftari. Tumbo likaanza kutangulia mbele kuliko sehemu nyingine za mwili. Kidevuni vikamtoka vinyweleo, vichache lakini vinaonekana, na kijana mmoja mteja wa maandazi akawa anamwita "sharifu" kwa vile vindevu. Watu wanacheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe.

Njaa niliiita uroho, usingizi nikauita uvivu. Na jioni namwekea soda.

Akaingia kidato cha nne. Siku moja napanga nguo kwenye sanduku lake nikakuta pakiti za pedi. Mimi ndiye ninayemnunulia, moja kila mwezi. Nikahesabu nne, hazijafunguliwa.

Nikamwita. Nikamuuliza, "Hizi vipi?"

Akaangalia chini. "Sijaona siku zangu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mfungo."

"Na hukuniambia?"

"Niliona aibu, dada. Nilidhani zitarudi."

Nikaangalia lile tumbo. Wakuu, sikumuuliza swali jingine. Kichwani mwangu kesi ilikuwa imekwisha.

Kwetu huku binti akivunja ungo anakabidhiwa kwa somo, mwanamke mtu mzima anayemfundisha unyago na kubaki msiri wake mpaka anaolewa na hata baadaye. Likitokea jambo la namna hii, wa kwanza kuitwa ni yeye, na huitwa kimyakimya. Somo wa Rehema ni bibi anayeheshimika, ameshika matumbo ya wanawake wengi kuliko maandazi niliyokaanga. Nikamwendea, akaja.

Akamlaza Rehema kwenye mkeka, akaminya huku, akaminya kule, akafumba macho. Kisha akafunika tumbo kwa khanga na kuniita nje.

"Humu mna mtu," akasema. "Miezi minne, au unaingia wa tano."

"Somo, una hakika?"

"Mwanangu, siku zimekatika, tumbo hilo unaliona, analala mchana kama paka. Unataka nikuoneshe miguu yake?"

Rehema alikuwa amesikia. Akatoka amejifunga khanga. "Dada, mimi sijakaa na mwanaume. Nipeleke nikapimwe. Hata sasa hivi."

Hapa ndipo ninapojutia kuliko kote, nanyi mtanielewa.

Kipimo cha mkojo kinauzwa duka la dawa, hatua chache kutoka ninapokaangia. Muuzaji wa duka lile ni mteja wangu wa kila asubuhi. Nikawaza, nikinunua kile kipimo leo, kesho Masoko nzima inajua. Kituo cha afya ndiyo usiseme, nusu ya wahudumu wanakula maandazi yangu. Nilikuwa namlindia jina lake. Au langu, sijui.

Nikamjibu, "Somo ameshapima. Unataka kumuumbua mtu mzima?"

"Somo amenishika tu, dada!"

"Nitajie mwanaume."

"Hakuna."

"Nitajie mwanaume, Rehema, nikaongee na kwao kwa heshima."

"Nitamtaja nani na hakuna?"

Nilimuuliza siku tatu. Ukweli ni kwamba ningefurahi angetaja mtu yeyote, hata wa uongo. Kule kukataa kwake nilikuona ni kiburi, na mimi kwa kiburi sikubali kushindwa.

Siku ya nne nikampeleka kijijini Kikole kwa shangazi yetu, dada wa baba, akajifungulie huko mbali na macho ya watu. Shuleni nikasema anaumwa. Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza miezi miwili.

Alipokuwa anafunga begi niliona anaingiza vitabu vyake na mkebe wa hesabu. Nikamwambia, "Vitabu vya nini kwa mtu anayekwenda kulea?"

Alivitoa kimoja kimoja, akavipanga mezani, akafunga begi.

Shangazi ni mkulima. Ana korosho zake, mihogo, mbaazi. Mtu wa maneno machache na dua nyingi. Nilimueleza, akasema, "Mwache hapa. Kazi ipo."

Maisha ya kule ni tofauti na ya kwangu. Asubuhi muhogo wa kuchemsha na chai ya mchaichai. Shangazi hatumii sukari, anasema inamchosha, kwake hununuliwa mgeni akija tu. Mchana ugali na mbaazi au kisamvu. Soda mpaka harusi. Shambani wanakwenda kwa miguu, mwendo wa kutosha, na maji wanayafuata wenyewe.

Rehema alilima na kubeba maji. Mtu ninayesema ana mimba, mimi hapa nakaanga visheti na kumlaani mwanaume asiyekuwepo.

Mwezi wa kwanza shangazi akinipigia anasema hajambo. Mwezi wa pili ukapita. Wa tatu ukiwa katikati akanipigia mchana, niko jikoni.

"We mwanangu, huyo mjukuu wangu anakuja kwa gari gani? Mbona tumbo linarudi nyuma?"

"Linarudi vipi, shangazi?"

"Linapungua. Gauni alilokuja nalo sasa analikunja kiunoni. Na leo ameniomba vitambaa. Ameingia mwezini kama wenzake."

Mnajua nilisema nini? Hata hapo sikuuona ukweli. Nikamwambia, "Shangazi, mmemtoa?"

Shangazi akasema kwa sauti ya chini, "Sisi humu tunalima. Hatutoi. Njoo umchukue mdogo wako umpeleke kwa wanaojua, na hilo neno ulimeze kabla hujafika kwangu."

Nikaenda siku ileile. Rehema amepungua, uso umetulia. Akanipa shikamoo, akachukua mkoba wangu, basi. Kesho yake nikampeleka hospitali mbali na Masoko, ambako hakuna anayetujua. Sitaitaja, na daktari aliyetuhudumia simtaji. Ni dada mdogo tu kwa umri, nahisi namzidi.

Alimsikiliza Rehema kwanza, mimi akanitoa nje. Baadaye akampima damu, mkojo, na picha ya tumbo. Akaniita.

"Hapakuwa na mimba," akasema. "Nani amewaambia ana mimba?"

Nikaangalia sakafu.

Akamgeuza Rehema taratibu, akasogeza mtandio. "Na huu weusi wa shingoni umeanza lini?"

"Kidato cha pili," Rehema akasema. "Dada alisema sijui kuoga."

Daktari akaniangalia. Hakunifokea, afadhali angefoka. Akauliza, "Nyumbani anayepika nani? Niambie anakula nini kuanzia anaamka." Nikamueleza yote, kuanzia chai, visheti vilivyovunjika, ile shira, mpaka soda. Nilivyokuwa naorodhesha nikaanza kujisikia mwenyewe.

Nitawaeleza kama nilivyoelewa mimi, mtu wa darasa la saba ambalo sikumaliza. Wataalamu humu mnirekebishe.

Ukila kitu chenye sukari, sukari inaingia kwenye damu. Kongosho inatoa homoni inayoitwa insulini, kazi yake ni kuitoa ile sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye misuli na seli nyingine ikatumike. Ikizidi matumizi, mwili unaigeuza mafuta na kuyatunza. Hiyo ni kazi yake ya kawaida, haina ubaya.

Shida ni pale unapoleta sukari asubuhi, saa nne, mchana na jioni, miaka na miaka. Insulini inakuwa juu muda wote. Seli zinaizoea, kama unavyozoea kelele za mashine ya kusaga jirani, mwisho huisikii. Kongosho nayo inaongeza zaidi ili isikike. Na insulini ikiwa juu, mwili unashikilia mafuta, hauyaachii, hasa ya tumboni. Ndiyo maana mtu ana akiba tele tumboni na bado ana njaa na usingizi. Akasema kuna homoni nyingine inayotoka kwenye mafuta kuuambia ubongo "nimeshiba", na mafuta yakizidi sana ubongo unaacha kuielewa. Yaani ule niliouita uroho.

Kwa msichana kuna lingine. Insulini ikizidi inavichochea vifuko vya mayai vitoe homoni za kiume kupita kiasi. Kila mwanamke anazo kidogo, hizi zinazidi. Yai halikomai, siku zinapotea, vinyweleo vinaota kidevuni. Na weusi wa shingoni ni ngozi yenyewe inayoitikia insulini nyingi. Hautoki kwa limao.

Alikuwa makini, na mimi niwe makini. Alisema sukari siyo sababu pekee, kuna wanaozaliwa na mwelekeo huo, kukaa bila kazi ya mwili nako kunachangia, kwa hiyo siku zikipotea mtu apimwe, asibahatishe. Rehema hakuwa na kisukari, ila alikuwa njiani. "Miezi aliyokaa shamba ndiyo imemsaidia," akasema. "Kama ni kumuandikia dawa, ningemuandikia maisha yale."

Nikauliza kama wengi wenu mnavyotaka kuuliza, mbona mimi nimekunywa chai ileile na niko mwembamba?

Akacheka kidogo. "Wewe umesimama kwenye moto tangu alfajiri na unatembeza beseni mji mzima. Yeye ulimwambia akae asome. Halafu miili haifanani. Na wewe pia hujapimwa, usijisifu."

Tukatoka. Nje kuna benchi, tukakaa. Mtihani wa taifa ulikuwa umeshamalizika wiki mbili nyuma. Wenzake walikuwa wameshaandika, wamechoma madaftari, wamerudi kwao.

Nikaanza kulia. Nikamwambia, "Rehema, nisamehe. Sikujua."

Akawa anakunja na kukunjua karatasi ya majibu.

"Kuhusu sukari hukujua, dada," akasema. "Hata mimi sikujua. Lakini mimi unanijua. Umenilea tangu natambaa. Ungejiuliza tu, huyu mtoto amewahi kunidanganya?"

Hakuwahi.

"Nimekusamehe," akaendelea. "Wallahi nimekusamehe, sina kinyongo. Lakini nitabaki Kikole. Kwako nitakuwa nakuja kama mgeni."

Nilidhani hasira zitaisha. Nilimpelekea vitabu vyake vyote na ule mkebe, akavipokea kwa mikono miwili, akasema asante. Amejiandikisha kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anasoma kivulini baada ya kutoka shamba. Siku zake zinakuja, si kila mwezi kwa usahihi, lakini zinakuja. Shingo imeanza kung'aa. Anaendelea na kliniki, shangazi ndiye anayemsindikiza.

Somo nilimfuata pia. Bibi wa watu alilia. Akasema, "Mikono yangu imezoea matumbo ya wenye waume. Ungenikatalia, ningekubali apimwe." Ni kweli. Yeye alitoa maoni, hukumu niliitoa mimi.

Visheti bado nakaanga, ndiyo riziki yangu, sitawadanganya. Ila nyumbani kwangu haviingii tena, na mama akija kununua vya kumfungia mtoto shule kila siku namwambia ninachokijua. Wengine wananiona nimechanganyikiwa, muuzaji anayefukuza wateja.

Nilichojifunza nakiweka hapa kwa anayekihitaji. Mtoto kunenepa si ushahidi kwamba amelelewa vizuri. Soda ya kila siku si mapenzi hata kama moyo wako unakuambia hivyo. Binti akikosa siku zake, kwanza mpime. Duka la dawa, kituo cha afya, popote, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Aibu ya asubuhi moja ni nafuu kuliko hii niliyonayo mimi. Na akisema "nipeleke nikapimwe", huyo anakuambia ukweli, mpeleke.

Idi iliyopita Rehema alikuja.

Nilimsikia mlangoni anapiga hodi. Nyumba aliyokulia, komeo lake analijua hata akifumba macho, akasimama nje mpaka nilipomkaribisha. "Shikamoo, dada." Akavua viatu, akakaa ukingoni mwa mkeka, akaniuliza habari za biashara. Akala kidogo, akashukuru. Saa tisa akaniaga, awahi gari.

Nilimsindikiza mpaka stendi. Njiani tuliongea vizuri tu, hata alicheka. Ila alikuwa anaongea na mimi kama anavyoongea na mama wa jirani.

Kwa hiyo wakuu, matusi yenu nayapokea, nimeyastahili. Ambaye shingo au siku za binti yake zinamtia wasiwasi aulize hapa, nitamjibu ninachokijua na madaktari mliomo mtanisaidia. Na kama kuna mtu humu aliwahi kusamehewa na mtu wake akabaki naye hivi, kwa adabu na kwa mbali, aniambie alianzia wapi kumrudisha. Nina subira, na Kikole nitaendelea kwenda hata kwa miaka. Nasoma komenti zote.